Reli ya Voi–Taveta: ikiishia mpakani, bora isifufuliwe

Wanasiasa wa Taita Taveta wamekuwa wakidai reli ya Voi hadi Taveta, mji ulio mpakani na Tanzania, ifufuliwe. Njia hii ya takriban kilomita 110 ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ikafikishwa Kahe, karibu na Moshi, Tanzania, ikaungana na reli ya Tanga. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa, na njia ikakosa sababu yake ya kuwepo.

Wanaoidai wana hoja nzito. Treni ya mabehewa 20, kila moja tani 40, hubeba tani 800, yaani mzigo wa malori 29 ya tani 28. Kenya imeshafufua njia ya Nanyuki mwaka 2020 na ile ya Nakuru–Kisumu mwaka 2021, kwa hiyo si ndoto.

Wanaopinga husema lami ya Voi–Taveta inatosha. Kwa ndizi wako sahihi kabisa: lori hupakia sokoni Taveta likashusha soko la Kongowea, Mombasa, bila kuhamisha mkungu hata mmoja. Ndizi haisubiri treni ijae. Reli huishi kwa saruji, klinka (malighafi ya saruji), mbolea, madini na mkonge wa Mwatate.

Ukarabati wenyewe hautabiriki kwa kuhesabu mataruma (nguzo za kulazia reli) tu, ingawa kwa 1,400 kila kilomita yanafika 154,000. Hatari kubwa iko kwenye makaravati, mifereji ya maji inayopita chini ya tuta. Yakiziba, mafuriko hula tuta na reli hubaki ikining'inia. Kwa hiyo hukaguliwa makaravati kwanza, kisha tuta na kokoto, halafu mataruma na reli. Boliti na vyuma vya kuungia navyo huibwa vikauzwa kama vyuma chakavu.

Tofauti ya geji (upana kati ya reli mbili) na SGR, reli mpya ya kisasa ya Kenya, hukuzwa mno, kwani reli ya zamani ya geji ya mita, ileile ya Taveta, inapita Voi hadi Mombasa.

Swali gumu ni Kahe. Tanzania ilirudisha treni Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, lakini imeongeza kina cha bandari ya Tanga hadi mita 13. Kwa nini iachie mzigo wa Kilimanjaro uende Mombasa? Nairobi ipate kwanza mkataba na Dodoma, pamoja na ahadi za tani kwa maandishi kutoka viwandani. Ikikosa hivyo viwili, fedha zitunze barabara.