Wanafunzi wa uuguzi wakija kupima presha, nani ananufaika?

Vyuo vingi vya uuguzi siku hizi hushirikiana na jamii zisizofikiwa ipasavyo na huduma za afya. Wanafunzi huenda huko kuhudumia na kujifunza kwa wakati mmoja, kisha hurudi darasani kutafakari walichokiona. Kwenye karatasi, pande zote mbili zinafaidika.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Wodini dawa huletwa kwa saa, na mgonjwa hana la kufanya ila kumeza. Nyumbani kwake mwanafunzi anamkuta mama mwenye kisukari akitumia kidonge cha siku moja kwa siku mbili ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Daktari wake ameandika tu kwamba sukari haishuki. Kuliona hilo mara moja kunamfunza mwanafunzi kuuliza maswali ambayo slaidi haziulizi. Lillian Wald, aliyeanza kuuguza wahamiaji maskini majumbani mwao New York mwaka 1893, alijenga uuguzi wa afya ya jamii juu ya msingi huohuo. Ila yeye alihamia mtaani kwao, akaishi nao miaka mingi.

Wanafunzi huondoka muhula ukiisha. Mzee anapimwa presha, inasoma 170 kwa 105, anaambiwa aende hospitali. Alishajua. Muhula unaofuata linakuja kundi jingine, linampima, linamwambia yaleyale. Wao wamepata alama. Yeye bado hajaanza dawa.

Mwaka 1968 Ivan Illich, padri na mkosoaji wa misaada ya aina hii, aliwaambia vijana wa Kimarekani waliokuwa wakienda kujitolea Meksiko kwamba waje kutazama na kusoma, lakini wasije kusaidia. Mimi sifiki huko. Aliyekosa muuguzi kabisa hana sababu ya kumfukuza anayejifunza, mradi kuna mkufunzi anayemsimamia. Namwelewa zaidi Robert Sigmon, mmoja wa waasisi wa mafunzo haya ya kujifunza kwa kuhudumia, aliyeandika mwaka 1979 kwamba wanaohudumiwa ndio wenye kuamua huduma gani itolewe. Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Wenyeji wakisema shida yao ni usafiri wa kwenda kliniki, chuo kitafanya nini? Mara nyingi kitapima presha, kwa sababu mashine inaingia begini na zoezi limo kwenye mtaala.

Vyuo navyo vina udhuru wa kweli. Wakufunzi ni wachache, na mwanafunzi haruhusiwi kuandika dawa. Lakini kuandika barua ya rufaa iliyosainiwa na mkufunzi, kupiga simu kliniki na kukabidhi daftari la wagonjwa kwa kundi linalofuata hakuhitaji bajeti kubwa. Kunahitaji chuo kikubali kwamba kazi haiishi siku ya mtihani.

Tathmini za mipango hii hupenda kueleza jinsi wanafunzi walivyokua kwa huruma na kujiamini. Ningependa kuona humo safu moja zaidi: walioambiwa waende kliniki, na kati yao, waliofika.