Waasisi wa hip hop: waliibiwa au walichelewa?

Waulize mashabiki kwa nini waasisi wa hip hop wa Bronx, mtaa wa New York, hawakutajirika, na wengi watakujibu kwamba waliibiwa. Wengine watasema hawakujua biashara. Nadhani pande zote mbili zinamsahau dijei.

Wizi ulikuwepo kweli. Mwaka 1979 Sylvia Robinson, mwenye lebo ya Sugar Hill huko New Jersey, aliwakusanya vijana watatu wasio na jina majukwaani, wakarekodi "Rapper's Delight". Mmoja wao, Big Bank Hank, alichana mistari ya Grandmaster Caz, rapa wa kundi la Cold Crush Brothers la Bronx. Hata jina la Caz la wakati huo, Casanova Fly, alilitaja humo kana kwamba ni lake. Caz hakutambuliwa kama mtunzi. Lakini besi ya wimbo huo ilitoka kwenye "Good Times" ya bendi ya Chic, na watunzi wake, Nile Rodgers na Bernard Edwards, walipotishia kwenda mahakamani, waliandikwa kuwa watunzi wa "Rapper's Delight" pia. Santuri ni ile ile moja. Chic walikuwa na hakimiliki na mawakili. Caz alikuwa na daftari la mistari.

Wanaosema waasisi walizembea nao wana hoja. Rapa Kurtis Blow wa Harlem alisaini na lebo kubwa ya Mercury mwaka huo huo wa 1979, na wimbo wake "The Breaks" wa 1980 uliuza hadi kupata cheti cha dhahabu cha mauzo. Njia ilikuwepo. Grandmaster Flash, dijei mwasisi wa Bronx, mwenyewe amesimulia kwamba mwanzoni hakuamini kuna mtu angenunua santuri iliyotengenezwa juu ya santuri nyingine. Kwa waasisi hao hip hop ilikuwa shughuli ya ukumbini, na hela yake ilikuwa kiingilio cha mlangoni. Kundi la Run-DMC walipotoa albamu ya kwanza mwaka 1984, na ngoma zao za mashine na mavazi ya mtaani, wakali wengi wa ukumbini walionekana wa zamani ghafla.

Lakini hoja hiyo haimgusi Kool Herc, dijei wa Bronx. Mwaka 1973 alianza kuchezesha nakala mbili za santuri moja ili kurefusha kile kipande cha ngoma kinachoinua watu. Hata angekuwa na wakili bora New York nzima, angesajili nini? Sheria ilimlinda mwenye melodia na mwenye maneno. Aliyegundua kipande gani kinachezesha watu hakuwa na fungu. Kisha studio zikamwondoa dijei kabisa: Sugar Hill walitumia bendi badala yake, na "The Message" ya 1982 ilitoka kwa jina la Grandmaster Flash and the Furious Five ilhali Flash hakushiriki kuitengeneza. Jina la dijei liliuza, mikono yake haikuhitajika.

Mwaka 2011 Herc aliugua akiwa hana bima ya afya, na dunia ya hip hop ikaombwa kumchangia. Mtu huyo hakunyang'anywa mkataba, wala hakuchelewa kuusaini. Hakukuwa na mkataba wa kazi aliyoifanya.