Mama Mkwe na Viti Saba

Gari letu lilikuwa la watu watano na sisi tulikuwa saba. Watoto wanne, mimi, mke wangu, na mama mkwe, ambaye alishuka kutoka Mambrui kuja Malindi kutibiwa goti. Goti likapona, mama akabaki. Kila palipokuwa na arusi upande wa Mambrui ilibidi tupakiane, na tukikaribia kizuizi cha polisi natoa amri: "Inameni!" Kitinda mimba wetu akazoea hivyo tangu anyonye, hata leo akiwa ndani ya tuktuk na akimwona askari, huinama.

Tukakubaliana tununue gari kubwa. Makubaliano yakaishia hapo.

Mimi nilitaka gari la juu, lenye kuvuta kwa magurudumu manne, maana nimeshawahi kusukuma gari kwenye mchanga wa Mambrui nikiwa na kanzu nyeupe, na ile kanzu haikurudi kuwa nyeupe tena. Mke wangu ni fundi cherehani. Futi haimtoki shingoni, na kitu ambacho hakijapita chini ya futi yake huwa hakiamini. Yeye alitaka Noah, kile kibasi cha Toyota.

"Noah ni matatu," nikamwambia. "Nikisimama tu pale stendi, watu watapanda."

"Wakipanda watalipa."

Fungu letu lilikuwa milioni moja na laki mbili, na zile laki mbili zilikuwa za chama chake, kwa hivyo kura yake ilikuwa na uzito kuliko yangu. Kwa pesa hizo gari linaloshuka melini hatulifikii. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo yanayofika Kilindini bado yana bei ya ujana. Halafu ushuru nao unataka kiti chake: forodha, ushuru wa bidhaa unaopanda injini ikipita cc 1500, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Ukimaliza kulipa, serikali imekaa mbele na wewe umening'inia mlangoni. Tukabaki na magari yaliyokwisha kutembea nchini, yenye namba za KB na KC.

Kila usiku ikawa mimi nikimwonyesha picha za X-Trail na Outlander, naye akinionyesha Noah na Sienta, mpaka siku moja dalali akanipigia. Ana gari la juu, viti saba, magurudumu manne, bei ya kuzungumza. Aina yake naihifadhi, Malindi ni ndogo na mwenyewe yuko.

"Lilikuwa la mwalimu wa kike," akasema dalali. "Nyumbani, shule, nyumbani."

Sijapata kuonyeshwa gari la kuuzwa ambalo liliendeshwa na mwanamume. Sijui wanaume magari yao wanayapeleka wapi.

Alilileta kwetu Maweni baada ya alasiri, kaskazi imekaza, jua la kukausha samaki. Jeupe, limeoshwa hadi kwenye matairi. Alipowasha ili tusikie injini, mwanamke akaanza kusema Kijapani ndani ya gari, kwa sauti ya heshima kabisa. Wanaojua magari ya Japani wanamjua huyu bibi: ni kile kijisanduku cha kulipia barabara za kulipia za kwao, na kila ukiwasha anakukumbusha kwamba hujatia kadi. Kadi yenyewe ilibaki huko. Redio nayo ilikuwa ya kwao, imekoma 90, na stesheni zetu nyingi zaanzia hapo kwenda juu.

"Redio nzima," dalali akatwambia. "Stesheni ndizo hazijafika."

Mke wangu hakujibu. Alishaingia nyuma na futi. Akapima upana wa kiti cha safu ya tatu, akapima kutoka kiti hadi mgongo wa kiti cha kati, akapima buti na viti vya tatu vikiwa vimesimama. Buti lenyewe lilibaki la kutia mkoba mmoja na ndoo. Jambo hilo wauzaji hawalisemi: viti saba na mizigo ni vitu viwili, utachagua. Kisha akasimama akafunga macho, na mimi nikajua anachofanya. Vipimo vya mamake anavijua kwa moyo, ndiye anayemshonea madera.

"Hapatoshi," akasema.

"Kwa futi hapatoshi," dalali akasema. "Mama mwenyewe ajaribu."

Mama alikuwa barazani na tambuu yake, akitazama mambo yote. Nilimwomba kwa macho asikubali. Lakini mimi na mama hatutazamani machoni. Mkwe ni mtu wa heshima, nikizungumza naye huangalia sakafu. Kwa hivyo ombi langu lilipokelewa na sakafu.

Akatema tambuu, akakusanya buibui, akasema Bismillahi na kupanda. Kiti cha kati kilikuwa kimeinamishwa kwa wenzo wake, mama akapita kwa upande, akageuka, akaketi. Gari likashuka kidogo nyuma.

"Mbona pazuri," akasema.

Dalali, kwa furaha, akakirudisha kiti cha kati mahali pake. Kikaita: ta!

"Goti!" mama akapiga ukelele.

Dalali akauvuta wenzo. Wenzo ukamfuata mkononi. Akasimama akiuangalia, na mimi nikimwangalia yeye, na mke wangu akituangalia sote wawili kwa ile sura anayoitumia mteja akija na kitambaa pungufu.

Sasa fikiria hesabu ya pale. Mimi siwezi kumshika mama mkwe mkono, sembuse kumvuta. Dalali si jamaa. Mke wangu anaruhusiwa, lakini yeye mzima anaingia katika mguu mmoja wa dera la mamake. Alivuta mpaka futi ikamkaba. Mwanangu mkubwa ndiye pekee aliyeweza kupita juu ya kiti, akaenda akaketi karibu na nyanyake, na tangu hapo akawa msemaji.

Tukafungua buti. Zile fimbo za gesi zinazoushikilia mlango zilikuwa zimechoka, mlango ukanirudia kichwani. Jirani akaleta mwiko wa kupikia pilau ya arusi, tukaegemeza. Hapo pakawa na njia: ukivuta kamba iliyo nyuma ya kiti, mgongo wa kiti unalala, na aliyeketi naye analala nao, kichwa butini, uso mbinguni, kisha anateremshwa.

Mwanangu akamweleza nyanyake. Kimya. Kisha sauti:

"Mimi nishushwe butini? Nimekuwa gunia la mbata?"

Njia ikafungwa.

Tuktuk zilishaanza kusimama. Malindi mtu akikwama, kila mwenye magurudumu matatu ni mhandisi. Mmoja akasema kiti kikatwe kwa msumeno. Mwingine akasema kioo cha nyuma kitolewe, anamjua mtu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita kwenda msikitini akatazama ndani, akatikisa kichwa, akasema tumsomee Yasini.

"Yasini asomewe nani?" ikatoka sauti ndani. Mzee akaenda zake upesi.

Joto likazidi, dalali akawasha gari ili mama apate hewa baridi. Bibi wa Kijapani akasema yake.

"Anasemaje huyo?"

"Anakusalimu, mama," dalali akasema.

"Mwambieni aje anitoe. Ni mwanamke mwenzangu."

Fundi nilishampigia. Alisema yuko njiani, na nyuma ya sauti yake nikasikia mtu akimuuliza kama chai aongeze sukari. Na ni katika kungoja huko ambapo simu ya dalali iliita, naye, kwa kuwa alikuwa kaegemea dirisha la nyuma, tukasikia sote: mwenye gari alilitaka kabla ya magharibi, kuna mteja wa Watamu anakuja kuliona.

Kimya kingine. Halafu mwanangu akatoa kichwa.

"Nyanya auliza gari ni bei gani."

"Milioni moja, laki tatu na nusu."

"Nyanya asema, na hiki kiti kisichofunguka?"

"Kiti kitatengenezwa, mwambie."

"Nyanya asema akitoka utasema hakijaharibika. Ataka mzungumze yeye akiwa ndani."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anazungushia futi kidoleni, na nilimjua: alikuwa anajizuia kucheka.

"Moja na laki tatu," dalali akasema.

Viatu vya mama vikatoka kupitia dirishani, kimoja kimoja, mwanangu wa pili akavipanga juu ya boneti. Kisha ikaagizwa chai ya tangawizi.

"Mimi sina haraka," mama akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Nimekaa. Hewa baridi. Petroli si yangu."

Dalali akaitupia jicho mishale ya mafuta. Sidhani alikuwa amelifikiria hilo. Akaunyosha mkono kuzima injini, kisha akawaona wanawake wa mtaa mzima wamesimama barazani wakimtazama atakavyomzimia mzee hewa, akaurudisha mkono.

"Moja na laki mbili na nusu, mama, na hapo mimi sipati kitu. Nitakula nini?"

"Njoo ule mahamri. Nafasi ipo, si mwenyewe umesema?"

Watu wa tuktuk wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Simu ikaita tena, dalali akaibana. Mke wangu akanivuta kando. Nilidhani atanitajia Noah. Akaninong'oneza kwamba kile kiti cha tatu wamekitengenezea watoto, kule nyuma tutawatia wawili wadogo, wakubwa wawe naye katikati, mama akae mbele na mimi. Na viti vya nyuma vikilazwa, cherehani inaingia na meza yake, ameshapima.

"Kwa hivyo tunanunua?"

"Mwache mama amalize."

Mama alimalizia kwenye milioni moja na laki moja na nusu. Dalali alikubali kwa kuinua mikono yote miwili, mmoja ukiwa bado na wenzo. Mama akasema waliosimama pale ni mashahidi. Wakaitikia, tuktuk mbili zikapiga honi.

Ndipo fundi akafika, mdomo bado una makombo. Akajipenyeza kwa mlango wa pembeni, akapapasa chini ya kiti, akaupata ule waya uliokuwa ukivutwa na wenzo, akaubana kwa koleo na kuuvuta mara moja. Kiti kikainama kwa adabu. Mama akamshika bintiye mkono, akashuka, akavaa viatu, akaweka buibui sawa, na barazani vikapigwa vigelegele ambavyo kwenye arusi yangu sikuvisikia.

Fundi akasema mia tano.

Dalali akanitazama mimi. "Gari si lenu sasa?"

Mimi nikatia mkono mfukoni. Mama akauona ule mkono.

"Pesa zishatolewa?" akauliza.

"Bado, mama," nikaiambia sakafu.

"Basi waya ni wa mwenyewe," akasema, akaenda kutafuta tambuu.