Wiski Ipo, Barafu Je?

Jamani. Mtu anatoa hela ya mifuko mitatu ya saruji, ananunua chupa ya wiski, anaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga mpaka nyumbani kwake Shangani, hapa Mtwara, kisha anaimwagia barafu inayonuka kibua. Anapiga funda moja, anakunja uso, analaumu wiski! Wiski imekosa nini? Imelala ndani ya pipa la mwaloni miaka mitatu, maana sheria ya Uskoti haikubali ipungue hapo, imevuka bahari mpaka Mtwara, halafu inakuja kufia kwenye trei moja na kichwa cha changu.

Kinywaji chenyewe si cha kuitia mtaalamu. Kinaitwa wiski saua, yaani wiski yenye uchachu. Mwambie shemeji wa Chikongola, "Leo tunatengeneza saua," atakujibu, "Sawa." "Saua, shemeji." "Nimesema sawa." Hapo mtakesha. Mpe glasi mkononi, ataelewa.

Vitu ni vitatu: wiski vijiko vinne vya chakula, maji ya ndimu kijiko kimoja na nusu, shira kijiko kimoja na nusu. Basi. Kwa mililita ni 60, 22.5 na 22.5. Ila kijiko cha kitabuni kinabeba mililita 15, na kile chako cha kulia pilau hakijawahi kusoma kitabu. Vingine vinabeba 10, vingine vimepinda havibebi kitu. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, sindano yenyewe waachie. Wiski bomba tatu zilizojaa. Ndimu na shira, kila kimoja bomba moja na mililita mbili na nusu. Wageni watacheka. Waache wacheke, wao ndio wanaomimina kwa jicho, kisha glasi ya kwanza inakuwa kali na ya pili inakuwa juisi.

Wiski gani? Ya bei ya kati inatosha, usiiweke ndimu ile chupa uliyoletewa zawadi. Bourbon ya Marekani ndiyo inayokaa vizuri humu, kwa kuwa lazima mahindi yake yasipungue asilimia 51 na pipa liwe jipya, limechomwa ndani, kwa hiyo inakuja na utamu unaofanana na sukari iliyoungua. Zile za Uskoti zinazonuka moshi zinagombana na ndimu, na moshi kwetu upo wa kutosha jikoni. Atatokea mjomba aseme Konyagi ni ileile. Si ileile, mjomba. Konyagi ina heshima yake, lakini si wiski, na hapa harufu ya pipa la mwaloni ndiyo inayotafutwa. Na anayetaka kuleta nipa, ile pombe kali ya kienyeji ya mabibo, arudi nayo alikotoka. Nipa haina lebo wala kipimo, hujui nguvu yake mpaka ikuoneshe yenyewe.

Ndimu usikamulie jana. Maji yake yakilala yanapoteza ile harufu ya juu, yanabaki na uchachu uliochoka. Ndimu ndogo za sokoni utahitaji mbili kwa glasi moja. Zibiringishe mezani kwa kiganja mpaka zilegee, kata, kamua, chuja mbegu. Usizikamue kama unamdai mtu, kwani ganda likipondeka linatoa ukakasi. Limau kubwa likipatikana litumie, ni laini zaidi. Ila ukimwambia mtoto alete limau ataleta ndimu, na ukimwambia ndimu ataleta zile kavu kama gololi zilizokaa dirishani kwa jirani.

Shira watu wa pwani tunajua kuipika, na huko kujua ndiko kunakotuponza. Mtu anapika shira ya kaimati, nzito, inavutika kama gundi, na iliki juu yake. Siyo hiyo! Hapa ni kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, koroga mpaka punje zipotee, epua. Isichemke, maana ikichemka maji yanakauka, utamu unaongezeka, na vipimo vyako vyote vinakuwa uongo. Ikipoa itie kwenye chupa safi uiweke kwenye friji, itakaa wiki mbili bila wasiwasi. Anayesema "si nitie sukari hivihivi tu" atie aone. Sukari haitaki kuyeyuka kwenye kitu cha baridi chenye pombe. Itashuka chini ikae kama mchanga wa ufukweni, unywe ukali mwanzo na uji mwisho.

Sasa tuje kwenye barafu, hapa ndipo presha inapopanda.

Neno lenyewe lina mtego. Mtume mtoto barafu, mpe hela, atarudi na barafu nne za ubuyu, nyekundu, moja ameshaifikisha nusu. Hajakosea. Wewe ndiye ulitakiwa kusema barafu ya maji. Halafu friji. Friji la nyumba ya pwani ni ghala la samaki lenye taa: pweza juu, kibua chini, dagaa mlangoni, na katikati ya msiba huo trei ya barafu iko wazi, haina hata kifuniko. Barafu inabeba harufu ya jirani zake. Igandishe kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, na iliyokaa wiki nyingi usiitie kwenye kinywaji, poozea nayo ndoo ya maji ya kuoga. Na kama nyumbani mnatumia kisima chenye maji ya chumvichumvi, gandisha maji ya kunywa. Chumvi haipotei kwa kugandishwa kwenye trei, inakusubiri tu.

Halafu umeme. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, bomba likachimbiwa ardhini mpaka Dar es Salaam, mambo makubwa, tunashukuru. Lakini umeme ukikatika jioni moja tu, vipande vya barafu vinatokwa jasho, vinashikana, umeme ukirudi vinaganda kuwa jiwe moja la kusagia. Hapo anatokea mtu na mchi wa kinu. Anaponda, anapata unga wa barafu, anautia kwenye wiski, na dakika mbili baadaye ana glasi iliyojaa maji yenye rangi ya chai ya msibani.

Sikiliza hesabu, maana watu hawaitaki. Kinachopoza kinywaji hasa ni kule kuyeyuka kwa barafu. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka inakula joto ambalo lingepasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 0 mpaka karibu 80. Kwa hiyo maji yataingia tu, upende usipende, na yanatakiwa yaingie. Mwaka 1806 gazeti moja la Hudson, jimbo la New York, lilipoeleza kokteli ni nini, lilitaja pombe kali, sukari, maji na bitters, yaani matone machungu ya mizizi na maganda yaliyolowekwa kwenye pombe. Maji yamo! Tatizo ni kiasi. Wiski, ndimu na shira vikiwa na joto la chumba cha Mtwara, tuseme nyuzi 30, na barafu imeshaanza kutoa jasho, utayeyusha kama gramu 35 kabla mambo hayajawa baridi sawasawa, na hiyo ni theluthi ya kinywaji chenyewe. Sasa chupa ya wiski itie kwenye friza tangu asubuhi. Haigandi, pombe ya asilimia 40 inahitaji baridi kali kuliko friza lako. Shira kwenye friji, glasi kwenye friza, hata chombo cha kutikisia kwenye friza. Hapo barafu inabaki na kazi ndogo, na maji yanayoingia yanapungua zaidi ya nusu.

Na ubahili wa barafu uachwe. Mtu anatia vipande viwili ati nyingi itaharibu wiski. Viwili ndivyo vinavyoharibu! Vinazidiwa na joto, vinayeyuka vyote, kinywaji hakijapoa na maji yameshajaa. Jaza glasi. Vipande vikubwa vikiwa vingi vinalindana, vinayeyuka polepole. Kama unaweza, gandisha bonge moja kwenye kibakuli cha plastiki, likae peke yake kwenye glasi kama bwana harusi.

Chombo maalumu cha kutikisia huna, na huhitaji. Chupa ya plastiki ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza inatosha, ila isiwe iliyowahi kubeba mafuta ya nazi. Tia vyote vitatu, jaza barafu, kaza, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Barafu ikiwa imelowa, mwaga kwanza maji yake kwenye chujio na usizidishe sekunde 8. Soda usiitie humo ndani kamwe. Gesi ikitikiswa itafungua kifuniko yenyewe, na dari la jirani halina kosa. Chuja kwenye glasi yenye barafu mpya, wala usiitie humo ile iliyotikiswa, imechoka. Chujio cha chai kinafaa kikiwa kimesafishwa tangawizi ya asubuhi.

Kuna wanaotaka povu jeupe juu. Hilo ni ute wa yai, nusu ya ute wa yai la kizungu au ute mzima wa yai dogo la kuku wa kienyeji. Tikisa kwanza bila barafu sekunde 15, halafu tia barafu utikise tena. Povu likigoma, ama tone la kiini limeingia, ama chupa ina mafuta. Mafuta na povu hawakai nyumba moja, na jiko linalopika tui kila siku lina mafuta hata kwenye swichi ya taa. Yai bichi lina hatari yake, na ndimu pamoja na wiski haviui vijidudu kwa sekunde chache, kwa hiyo mjamzito, mzee au mgonjwa asipewe hata funda. Mwenye mashaka atumie maji mazito yaliyochemshiwa dengu, vijiko viwili. Yanatoa povu zuri ajabu na hayana harufu ya dengu ukishatikisa.

Asiyetaka ndimu ana ile nyingine, Old Fashioned: wiski 60, kijiko cha chai cha shira, matone ya bitters, inakorogwa haitikiswi, na ganda la chungwa linakamuliwa juu. Chungwa letu la kijani lisikutishe, limeiva. Linabaki kijani kwa sababu usiku wa pwani haupoi vya kutosha kuligeuza rangi. Menya ganda jembamba, ile nyama nyeupe iache. Bitters huku ni za kuagiza, na kila mara yupo mwerevu anayeuliza, "Si uchungu tu? Tia mwarobaini." Mwarobaini! Atakunywa yeye, peke yake, tukimwangalia.

Asiyetumia kilevi afanyiwe ileile kwa chai ya rangi nzito, iliyopoa, mahali pa wiski. Inakaza ulimi vizuri na haimwamshi mtu na kichwa. Pembeni weka korosho za kukaanga, na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ikipatikana usiibanie.

Mkimaliza, ile chupa iliyopita yai ioshwe kwa maji baridi kwanza, sabuni baadaye. Ukianza na ya moto, ute unaivia kwenye nyuzi za kifuniko na hautoki tena. Na nani ameacha friji wazi? Funga hilo friji, barafu inatoka jasho!