Nani anajua samaki huyu alivuliwa lini?

Mgeni akihamia Dar es Salaam na kuuliza atapata wapi mboga nzuri na samaki wa uhakika, siku hizi wengi humwelekeza supamaketi. Sokoni, anaambiwa, kuna tope, nzi, na bei zinazopangwa kwa kumwangalia mtu usoni. Ushauri huo una ukweli wake. Shida ni kwamba unapima usafi wa sakafu, kisha unadhani umepima ubichi wa chakula.

Supamaketi ipewe haki yake. Bei imebandikwa, mizani inaonekana, risiti unayo, na ukikuta kitu kimeoza nyumbani una pa kukirudisha. Anayetoka kazini saa mbili usiku hawezi kwenda soko la Kisutu. Na kipindupindu kilipoingia jijini mwaka 2015, hofu ya vyakula vya wazi haikuwa ya kubuni. Sokoni, mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji kwa fungu lilelile. Hilo halina utetezi.

Lakini simama mbele ya jokofu la samaki uulize huyu nguru alivuliwa lini, na wapi. Kijana aliyevaa sare atakutazama kwa adabu. Hajui, na si kosa lake. Hakuajiriwa ili ajue. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, mnada ukiwa umepamba moto, umuulize mchuuzi swali hilohilo. Atakutajia chombo kilichomleta. Tena huhitaji kumwamini kwa maneno matupu: jicho liwe angavu lisiwe limezama, shavu likifunuliwa liwe jekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Samaki aliyefungwa kwenye trei ya plastiki hakupi nafasi ya kufanya hata moja kati ya hayo.

Anayenunua Feri kwa muda hujifunza hata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu na dagaa hupungua. Kwa hiyo anayekuuzia dagaa "wa leo" mwezi ukiwa mpevu ana maswali ya kujibu. Pweza yeye ana kalenda nyingine: hupatikana kwa wingi siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi. Supamaketi huuza vyote siku zote kwa sura moja, na wengi tunaita hilo ubora.

Mboga nazo ni hivyohivyo. Koliflawa, karoti na letasi nyingi tunazokula Dar hutoka Lushoto, hushuka milima ya Usambara hadi Mombo na kusafiri zaidi ya kilomita 300 kuja sokoni. Kinachofika supamaketi mara nyingi ni mzigo huohuo, ila umepitia mkono wa msambazaji, ukaoshwa, ukafungwa, ukasubiri rafu. Mwaka 2019 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani, kwa thamani yake, hupotea baada ya mavuno kabla hata hakijafika dukani. Takwimu hii hainiachi. Hapo hakijahesabiwa kinachotupwa dukani wala kinachooza kwenye friji zetu. Na ni hesabu ya kilichopotea; mchicha uliofika ukiwa hai kwa jina tu, umekwisha ladha, huhesabiwa kuwa umefika salama. Soko nalo lina sehemu yake katika hasara hiyo, kwani nyanya za Ilula zilizoshindiliwa kwenye tenga hufika nusu mchuzi. Tofauti ni kwamba nyanya iliyopondeka sokoni unaiona na bei yake inashuka hapohapo.

Kuna jambo jingine linalosahaulika haraka. Supamaketi ya Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014 na maduka yake kuchukuliwa na Nakumatt. Supamaketi ya Uchumi ikafunga mwaka uliofuata. Nakumatt yenyewe haikudumu. Aliyejenga mazoea na rafu zile alianza upya kila mara. Linganisha na soko kuu la Kariakoo, jengo la mwaka 1975 lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli. Liliungua Julai 2021, na hasara ya wafanyabiashara ilikuwa kubwa mno kuitaja kwa wepesi. Hata hivyo mteja aliyekuwa na namba ya simu ya muuzaji wake aliweza kumfuata alikohamia. Mama wa genge anayekujua hukwambia "leo usichukue matembele, njoo kesho", akakosa mauzo ya siku moja ili asikupoteze wewe. Sijaona duka lenye mashine ya kukwambia hivyo.

Hoja nzito kabisa dhidi yangu ni Mto Msimbazi. Baadhi ya mchicha wa jiji humwagiliwa maji ya bonde lile, yenye taka za viwandani na vyooni, na hapo jicho na pua havisaidii. Muuzaji anaweza kusema kweli au akadanganya. Ningekubali kushindwa kama pakiti za supamaketi zingetaja shamba. Nyingi zina jina la msambazaji tu. Lumbesa pia inalitia soko aibu: gunia linajazwa kupita mdomo wake, sheria ya vipimo inavunjwa, na anayeibiwa ni mkulima. Unafuu wa bei ya sokoni wakati mwingine ameulipia yeye. Mabaya yote mawili yanahitaji mkaguzi, na kuhamia kwenye kiyoyozi hakumleti.

Kwa mgeni wetu, basi: achague muuzaji mmoja wa mboga na mmoja wa samaki, anunue kidogo kwanza, aulize kila kitu kimetoka wapi, na arudi kwao hata wiki ambayo jirani ana bei nafuu kidogo. Mchele wa Kyela aunuse na kuutafuna kabla ya kulipa, maana jina hilo hubandikwa hata magunia ambayo hayajawahi kuiona Kyela. Iliki na mdalasini anunue nzima, asage mwenyewe. Maziwa, siagi na jibini achukue supamaketi bila wasiwasi. Hapo jokofu linafanya kazi ambayo soko haliwezi.