Mama aliuliza boti imebeba nini

Jumapili mvua ilitufungia ndani, tukaangalia filamu ya zamani ya utalii kuhusu mifereji ya Uingereza. Farasi anavuta boti kwa kamba, bata wanapisha, msimulizi anaongea kama mtu aliyekwisha kushiba. Nakaa Birmingham, mfereji kama huo unapita nyuma ya nyumba, nikacheka peke yangu. Haikuchimbwa ili mtu apumzishe macho! Ilichimbwa kubeba makaa ya mawe na chuma, na familia nzima ililala kwenye kijumba nyuma ya boti yenye upana wa mita 2 na kidogo. Reli na malori yalipoinyang'anya kazi, ndipo ikawa mandhari.

Lakini wanaitunza, hilo siwanyimi. Majuzi nimewasaidia wazee wawili, mtu na mkewe, kupandisha boti yao hadi sehemu ya mfereji iliyo juu zaidi. Inaingia kwenye kijibwawa cha kuta za matofali, unafunga mlango nyuma yake, unazungusha mkono wa chuma, maji yanafoka na boti inainuka taratibu. Kisha mlango wa mbele unausukuma kwa makalio, maana mikono pekee haitoshi. Nikawauliza wanakwenda wapi. Wakasema hawaendi popote, wanatembea tu.

Mimi ni wa Kigoma. Kwetu chombo hupandwa kwa shida. Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa vipande vipande hadi Ziwa Tanganyika, ilikuwa ikifika vijiji visivyo na gati: honi usiku, mitumbwi inaizunguka, magunia ya dagaa yanapanda, kuku wanapiga kelele, mtoto anapokezanwa juu ya maji. Mama alipanda hivyo akiwa na mimba ya mdogo wangu.

Kwa hiyo wenzangu wa huku wanaposema Wazungu wanajua kupenda maji kuliko sisi, nawakatalia. Kinachonitia wivu ni fundi. Hapa mlango wa mfereji ukioza, unabadilishwa, ingawa wanaopita ni wastaafu. Liemba ilipokaa miaka bandarini ikisubiri matengenezo, watu wa Kirando na Kipili, kando ya ziwa, walikuwa na mzigo na wagonjwa wa kusafirisha.

Nilimtumia Mama video ya wale wazee. Akapiga simu kuuliza boti imebeba nini.

Nikamwambia: mbwa mmoja na vyungu vya maua.