Milimita 240 za ziada: Canon SX740 HS au Panasonic TZ95 mbugani?

Kwenye boksi la Canon PowerShot SX740 HS pameandikwa 40x, yaani lenzi inavuta mara 40. Kwenye la Panasonic Lumix TZ95 pameandikwa 30x. Mtu anayejiandaa kwenda Serengeti au Tsavo huzitazama namba hizo mbili, akachagua iliyo kubwa, akalipa. Mara nyingi huwa amekosea. Si kila mara, na tutafika huko, lakini kinachoamua ubora wa picha ya mnyama wa mbali hakimo kwenye namba ile.

Kamera zenyewe ni za rika moja. Canon ilitangazwa Julai 2018, Panasonic ikafuata Februari 2019. Marekani ya Kaskazini hiyo ya pili huuzwa kwa jina la ZS80, mashine ni ile ile. Zote zinaingia mfuko wa koti, moja ikiwa na gramu 299, nyingine kama gramu 30 zaidi. Zote zina kihisi (kipande kinachopokea picha) cha inchi 1/2.3 chenye megapikseli 20.3, zote hurekodi video ya 4K kwa fremu 30 kwa sekunde, zote zina Wi-Fi na Bluetooth, na skrini za zote huinuka juu hadi kumtazama anayejipiga mwenyewe. Hakuna yenye tundu la maikrofoni ya nje. Zinapoachana ni hapa: lenzi ya Canon inavuta kutoka milimita 24 hadi 960, ya Panasonic kutoka 24 hadi 720, kwa kipimo cha kulinganishia cha kamera za filamu za 35mm; urefu halisi wa lenzi ni mdogo zaidi. Panasonic nayo ina kidirisha cha kutazamia kwa jicho, skrini ya kugusa, mafaili ya RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata) na betri inayokaa zaidi. Canon haina hata kimoja kati ya hivyo.

Tuanze na lenzi, kwa kuwa ndiyo inayouza. Zote zikivutwa hadi mwisho, mnyama akiwa mita 100 kutoka kwenye gari, fremu ya Canon inachukua upana wa takriban mita 3.6, ya Panasonic mita 4.8. Simba aliyelala anaenea vizuri katika zote mbili. Tofauti inaonekana kwa viumbe wadogo: mdiria wa sentimita 15 aliye mita 20 mbele anachukua takriban asilimia 21 ya upana wa fremu ya Canon, na asilimia 16 ya fremu ya Panasonic. Ukiikata picha ya Panasonic hadi ndege alingane na yule wa Canon, unabaki na megapikseli 11 na kitu. Hizo zinatosha kuchapisha ukurasa mzima wa A4 bila wasiwasi.

Mpenzi wa Canon atajibu kwamba megapikseli 20 ni zaidi ya 11. Ni kweli kwa hesabu ya vitone, lakini si kwa hesabu ya maelezo yanayoonekana. Lenzi ya Canon ikivutwa mwisho uwazi wake (tundu la kupitishia mwanga; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) ni f/6.9, ya Panasonic ni f/6.4. Kwenye uwazi mdogo namna hiyo mwanga wenyewe hutawanyika unapopita, kiasi kwamba nukta moja ya mwanga inapofika kwenye kihisi imekwisha kuwa duara la mikroni (elfu ya milimita) 9 hivi, wakati kitone kimoja cha kihisi hiki kina mikroni 1.2 tu. Nukta moja inatapakaa juu ya vitone saba au vinane kwa upana. Kwa hiyo megapikseli 20 za kamera hizi, lenzi ikiwa imevutwa mwisho, ni za karatasini, na hilo linazihusu zote mbili sawasawa.

Haki itendeke lakini. Gawanya urefu halisi wa lenzi kwa uwazi wake: Canon ni milimita 172 kwa 6.9, jibu ni karibu milimita 25. Panasonic ni 129 kwa 6.4, jibu ni milimita 20. Huo ndio upana wa mlango ambao mwanga wa yule mdiria unaingilia, nao ndio unaoweka kikomo cha maelezo yanayoweza kuonekana. Canon ina mlango mpana zaidi kwa karibu robo. Kwa hiyo faida yake ipo kweli, ila ni robo, nayo hupatikana pale tu hewa imetulia, kamera imetulia na mwanga ni wa kutosha. Kimoja kikikosekana, robo hiyo inapotea.

Na mbugani mambo hayo matatu hukutana kwa nadra. Chukua mwanga. Jua likiwa kali juu, kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kihisi kupokea mwanga) na f/6.9 unapata kasi ya shata, yaani muda wa mwanga kuingia, ya takriban 1/500 ya sekunde. Nzuri kabisa. Lakini saa nne za asubuhi simba wamekwisha kuingia vichakani, na saa za kuwakuta wakitembea ni alfajiri na magharibi, mwanga unapokuwa umepungua mara nane au zaidi. Hapo ISO 100 inakupa 1/60. Kanuni ya zamani inataka 1/960 kwa mtu anayeshika kwa mkono lenzi ya milimita 960. Kidhibiti mtikisiko kikikuokolea hatua tatu za mwanga (kila hatua ni mara mbili), unashuka hadi 1/125, lakini kifaa hicho kinatuliza mkono wako, hakimtulizi duma anayegeuza kichwa. Kwa mnyama anayetembea polepole 1/250 ndiyo chini kabisa, kwa ndege aliyetua 1/500. Ili kuipata 1/500 alfajiri ile unapanda hadi ISO 800, na kwenye kihisi cha milimita za mraba 28 tu, ISO 800 ni mahali ambapo chenga (vidoa vya picha iliyokosa mwanga) zinaanza kufutwa na kompyuta ya kamera pamoja na manyoya. Kamera zote zinafika ISO 3200. Ichukulie 400 kuwa kawaida, 800 kuwa mpaka, 1600 kuwa ya dharura.

Hewa nayo. Kuanzia katikati ya asubuhi ardhi inapochemka, tambarare zote huanza kutetemeka kama mvuke wa sufuria. Mnyama aliye mita 300 wakati huo hawezi kutoka vizuri kwa lenzi ya milimita 960, wala kwa lenzi ya mamilioni. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyoukuza mtetemo. Dawa ni moja tu, kusogea karibu, na kama barabara haifiki, kusubiri jioni.

Kinachobaki ni utulivu wa kamera, na hapa ndipo kidirisha cha Panasonic kinapolipa. Ni kidogo, ukuzaji wake ni 0.53x, na mwenye miwani atalazimika kubanabana jicho. Pamoja na hayo kinafanya kazi mbili ambazo skrini haiwezi. Ya kwanza, chini ya jua la saa saba mchana skrini ya nyuma hubaki kioo cha kujitazamia uso, wakati ndani ya kidirisha unaona kila kitu. Ya pili ni kubwa zaidi: kamera ikigusa paji la uso, viwiko vikiegemea kifua, ina nguzo tatu. Kamera iliyonyooshwa mbele kwa mikono miwili, kama wanavyolazimika kufanya wenye Canon, ina nguzo mbili zinazochoka ndani ya nusu dakika. Kasoro ndogo ya mkono kwa milimita 720 au 960 inatosha kumtoa ndege nje ya fremu kabisa.

Canon wamelitambua tatizo hilo wakaweka kitufe cha kusaidia kufremu. Ukimpoteza ndege, unakibonyeza na kukishikilia; lenzi inarudi nyuma, skrini inaonyesha eneo pana pamoja na kisanduku cha pale ulipokuwa umevuta. Unamweka ndege ndani ya kisanduku, unaachia, lenzi inarudi pale pale. Ni msaada mkubwa kwa anayeanza, na ni kosa kuudharau. Ila unasaidia kutafuta. Kutuliza ni juu yako, na kwa Canon kutuliza maana yake ni mfuko wa mchele au maharage wa kilo moja au mbili, ulazwe juu ya ukingo wa paa la gari lililofunguliwa, kamera ikandamizwe juu yake. Dereva azime injini. Ikinguruma tu picha imeharibika. Mtu akae kitako, asitembeetembee ndani ya gari. Ukiwa na subira hiyo, Canon inakurudishia robo yake.

Kuhusu RAW tusidanganyane: kwenye kihisi kidogo hivi haileti miujiza. Inaleta hiari. Picha ya nyumbu mweusi dhidi ya nyasi za njano, ikihifadhiwa JPEG peke yake, kamera imekwisha kuamua kivuli kiwe cheusi kiasi gani na chenga zisafishwe kiasi gani. Kwa RAW unaamua mwenyewe ukifika nyumbani, na programu za sasa za kusafisha chenga zinafanya kazi bora mno kuliko kamera ya 2019. Asiyekusudia kukaa mbele ya kompyuta hana haja nayo, na JPEG za Canon zina rangi za ngozi zinazopendeza bila kuguswa. Akinunua kamera ya kupigia harusi za jamaa na safari moja ya mbuga kwa mwaka, hilo ni la kuwekwa kwenye mizani.

Wanaofukuzia ndege wazingatie jambo jingine. Canon inapiga picha 10 kwa sekunde fokasi ikiwa imefungwa, na 7.4 ikiwa inafuatilia. Panasonic inapiga 10 fokasi ikiwa imefungwa, inashuka hadi 5 inapofuatilia. Hapo Canon iko mbele. Lakini Panasonic ina hali ya 4K Photo, fremu 30 kwa sekunde zenye megapikseli 8 kila moja, na ndani yake mna mpangilio unaohifadhi sekunde moja kabla hujabonyeza na sekunde moja baadaye. Tai anayekaribia kuruka hakuchoshi kidole: unasubiri, anaruka, unabonyeza, na sekunde iliyopita tayari iko kwenye kadi. Kadi yenyewe iwe ya alama ya U3, la sivyo rekodi ya 4K itakatika katikati.

Betri. Kwa kipimo cha kawaida cha viwanda Canon inatoa picha 265 kwa chaji moja, Panasonic 380 kwa skrini, ingawa ukitumia kidirisha zinashuka hadi 250. Kuvuta na kurudisha lenzi siku nzima kunakula zaidi ya vipimo hivyo. Beba ya akiba kwa kamera yoyote. Ya Canon ni NB-13L, ile ile ya G7 X Mark II, kwa hiyo si ngumu kuipata. Panasonic inachajiwa ndani ya kamera yenyewe kwa waya wa micro-USB, hivyo pawabenki inatosha kambini kusiko na umeme.

Zumu ya kidijitali izimwe kwenye menyu za zote mbili kabla ya safari. Hakuna unachopata humo ila picha iliyokatwa na kunyooshwa.

Kwa hiyo nani achukue ipi? Anayepiga akiwa amekaa, mwezi angani, viota vya juu ya mibuyu, heroe wa ng'ambo ya ziwa, akiwa na tripodi na muda, achukue Canon. Ni kamera chache za ukubwa huo zinazomfikisha mbali kiasi hicho kwa urahisi. Anayepiga kutoka dirishani mwa Land Cruiser, akishirikiana nafasi na watu wengine watano, achukue Panasonic. Na anayetaka hasa picha za alfajiri asichukue yoyote, atafute Lumix TZ100: inaishia milimita 250, lakini kihisi chake cha inchi 1 kina eneo mara nne ya hizi, na ISO 800 kwake si mpaka.

Tatizo ni kwamba TZ95 sasa inapatikana zaidi ikiwa imekwisha kutumika, mkononi mwa mtu. Mrithi wake, TZ99, alitangazwa Januari 2025 akiwa na tundu la USB-C, wiki chache baada ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya chaja moja kuanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. Lenzi ni ile ile ya 24 hadi 720, lakini kidirisha kimeondolewa. Ni hasara kubwa. TZ99 ikiwekwa kando ya Canon, hoja yetu nzito kuliko zote haipo tena. Zinabaki RAW, betri na skrini ya kugusa, na mizani inakaribia kulala sawa.

Anayenunua TZ95 iliyotumika, au SX740, aikague hivi mbele ya muuzaji. Awashe na kuzima mara tano, avute lenzi hadi mwisho na kuirudisha mara kumi, akisikiliza. Mlio wa kusagasaga ni mchanga ndani ya mikunjo ya lenzi. Kila lenzi inapotoka inavuta hewa, na kamera hizi hazina kinga ya vumbi. Kisha avute hadi mwisho, achague f/8, apige anga tupu au ukuta mweupe, afungue picha na kuikuza. Madoa ya kijivu yanayobaki mahali pale pale katika kila picha ni vumbi lililokwisha kufika kwenye kihisi. Lenzi haitoki, kwa hiyo kulisafisha ni kuifungua kamera nzima, kazi ambayo fundi wa simu asijaribu. Kwa TZ95 achungulie pia kidirishani: picha ihamie yenyewe humo jicho linaposogea. Mwisho atoe betri na kuilaza mezani. Ikibembea, imevimba, na hiyo haifai kurudishwa ndani ya kamera.